Shangazi, milioni 6 zitatosha kupendezesha uwanja?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma na ofisi kutoka Dar mwaka 2019. Miaka yote tulikuwa tumepanga Area D, mwaka jana Mungu akasaidia tukahamia kwetu huku Iyumbu. Nyumba imeisha kwa kiasi chake. Dari bado chumba kimoja, lakini tunalala. Tatizo ni nje. Kiwanja ni mita 20 kwa 40, na ukiondoa nyumba, karo na banda la kuku, zinabaki kama skwea mita 600 za vumbi jekundu. Upepo huu wa Julai na Agosti ukivuma, nafuta meza asubuhi, mchana naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Nimekusanya milioni 6 kwenye kikoba. Nikamwita kijana mmoja anayetengeneza bustani, akaja na simu yake akanionyesha picha za nyumba za watu: nyasi kama zulia, michikichi ya mapambo, taa chini ya miti. Nikapenda. Akazunguka uwanja dakika kumi, akanitajia milioni 11 na laki 4. Kwa mdomo alisema ni nyasi skwea mita 300, tripu tatu za udongo mweusi na michikichi sita. Nilipoomba mchanganuo wa maandishi akasema, "Mama, hiyo ni pakeji." Nikampa laki 4 ya kushikia kazi ili asije akapandisha bei. Najua utanigombeza.

Baba Neema yeye anasema bustani ni mambo ya watu wa Dar, tuweke pevingi kote tumalize. Fundi wa pevingi katutajia elfu 28 kwa skwea mita pamoja na kupanga. Mama mkwe, yeye ni wa Kondoa, alipokuja alicheka tu. Akasema panda minyaa kuzunguka, fagia katikati, hela peleka shule.

Haraka yangu ni hii: sendofu ya mdogo wangu ni tarehe 12 Desemba, itafanyika hapa nyumbani, wageni kama 150. Saccos ya kazini wako tayari kunipa milioni 5 za miezi 24 nijazie. Maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili kwa wiki, nina tenki la lita 5,000. Yakikatika sana nanunua boza. La mwisho lilikuwa la lita 8,000 kwa elfu 80. Halafu ajabu ni kwamba Januari maji ya mvua yaliingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Shangazi, milioni 6 zinatosha au najidanganya? Nikope? Nianzie wapi?

Mama Neema, Iyumbu

Jibu

Marahaba mwanangu. Sikugombezi, maana uwanja wangu wa Chang'ombe ya hapa Dodoma uliwahi kunila vilevile. Tulipohamia tu nilinunua magunia ya nyasi za Pemba nikazipanda Juni, kwa sababu Juni ndipo nilipopata hela. Kufika Septemba nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kukinga maji, na nyasi zenyewe zikawa na rangi ileile ya magunia zilimoletwa. Oktoba nikamwambia mzee wangu tuwaachie kuku.

Tangu hapo mtu akiniuliza bustani ya Dodoma ni shilingi ngapi, namuuliza na mimi: Oktoba itakunywa nini?

Hebu tuihesabu pakeji ya kijana wako kwa bei zako mwenyewe. Milimita moja ya maji juu ya skwea mita moja ni lita moja. Nyasi kwenye jua letu la kiangazi, ili zibaki kijani, zinataka kama lita 5 kwa skwea mita kila siku. Mara 300, hiyo ni lita 1,500 kwa siku, lita 45,000 kwa mwezi. Bomba la siku mbili kwa wiki linahudumia kupika, kufua na kuoga, kwa hiyo hizo zitatoka kwenye boza: maboza karibu sita, kama laki 4 na nusu kila mwezi. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili zimekwisha, jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Dar wanapata zaidi ya 1,000, tena kwa vipindi viwili. Wewe una miezi saba mikavu, Mei hadi Novemba, na laki 4 na nusu mara saba ni milioni 3 na laki moja na nusu. Kila mwaka. Mnywaji mkubwa kuliko wote hapo kwako zingekuwa hizo nyasi, na kijana hakulitaja neno maji hata mara moja.

Baba Neema naye mpe kikokotoo. Skwea mita 600 kwa elfu 28 ni milioni 16 na laki 8. Huo ubishi umekwisha, na hujamgusia joto la saa nane mchana likitoka chini wala mvua itakayokosa pa kunywea ikarudi jikoni kwako.

Kwa hiyo milioni 6 zinatosha, ila si kwa uwanja wa kwenye simu. Na mkopo usichukue. Milioni 5 kwa miezi 24 ni zaidi ya laki 2 kwa mwezi kabla hata ya riba, na utakuwa unazikatwa kwenye mshahara Oktoba ileile unayonunua maji. Mtu hukopa amalizie paa. Kwa nyasi hapana.

Sasa fanya hivi. Jumamosi chukua futikamba na daftari la watoto, chora uwanja kama ulivyo: nyumba, karo, geti, bomba, upande wa jua la jioni, upande unakotoka upepo. Weka mshale maji yalikopita Januari. Karatasi hiyo ndiyo utakayompa kila fundi, na kila mmoja atajibu hiyohiyo, ndipo bei zao utaweza kuzilinganisha. Ukimwachia fundi azunguke dakika kumi, anapima geti lako na gari lako, sio uwanja.

Kabla hujagawa chochote, toa laki 9 uziweke pembeni. Ni asilimia 15, na ni za mambo ambayo hatujayaona: mwamba unaokutwa futi moja chini, karo lililojengwa pabaya, bei ya saruji kupanda. Fundi asijue kama zipo. Akijua, mwamba utapatikana.

Zinabaki milioni 5 na laki 1. Shilingi ya kwanza haiendi kwenye ua wala nyasi, inaenda kwenye maji ya mvua. Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyezama matopeni, *idodomya*, amezama. Mgeni akiliona vumbi la Agosti haamini, lakini wewe jikoni kwako umeshaamini. Mvua ya hapa haina adabu, inakaa miezi haipo halafu inashuka yote alasiri moja. Tuseme paa lako ni skwea mita 180. Mvua moja nzito ya milimita 40 inakupa lita 7,200. Ukitoa moja ya tano inayopotea, unabaki na zaidi ya 5,700. Yaani tenki lako linajaa kwa alasiri moja na kumwagika. Mwaka mzima paa hilo linamwaga karibu lita 79,000, sawa na maboza karibu kumi, na kwa kuwa hukutaja gata nahisi hayo yote yanaanguka ukutani, yanakwenda jikoni. Tenga laki 9: gata, bomba la kuingizia kwenye tenki, na kijana wa kusawazisha udongo ule wa nyuma ushuke kutoka ukutani sentimita 2 kila mita moja. Maji yanayofurika tenkini yasitupwe barabarani. Yachimbie mfereji yaende kwenye mashimo ya miti, nitakueleza.

Pevingi weka pale gari linapopita na mbele ya mlango tu. Mita 3 na nusu kwa mita 14, jumlisha kama 15 za barazani, ni skwea mita 64. Kwa bei ya fundi wako ni 1,792,000, sema milioni 1 na laki 8. Lakini muulize, na aandike: hiyo elfu 28 ni pamoja na moramu na kushindilia chini? Na kingo za pembeni? Nimeona pevingi nzuri zikipangwa juu ya mchanga mtupu, zikakaa miezi mitatu, zikafanya mabonde mawili yanayofuata matairi. Unene wa milimita 60 unatosha gari dogo. Boza hautoshi: hizo lita 8,000 peke yake ni tani 8, bado gari lenyewe. Boza liishie getini livute mpira, hata kama dereva ananuna.

Penye kubaki wazi, karibu na nyumba, mwaga changarawe kuua vumbi. Skwea mita 120 kwa unene wa sentimita 5 ni kyubiki 6. Nunua kwa kyubiki, usinunue kwa "tripu", maana tripu ya Kenta na tripu ya Fuso ni vitu viwili na zote zinaitwa tripu. Weka kikomo cha laki 4. Sehemu nyingine yote, mwanangu, fagia. Uwanja wa udongo uliofagiwa ukanyunyiziwa maji jioni ndio uwanja wa bibi zetu. Haumaanishi umeshindwa maisha. Gharama yake ni fagio.

Kivuli ndicho kitakachokufanya ukae nje, na kivuli cha Dodoma kina jina lake: zabibu. Jenga kichanja cha bomba na waya kando ya baraza, upande wa jua la jioni, panda vipando vinne. Mwaka wa kwanza utaona aibu, wa pili utakaa chini yake. Mzabibu hapa unazaa mara mbili kwa mwaka, lakini unataka kupogolewa na dawa ya ukungu wakati wa mvua, kwa hiyo tafuta mkulima wa Mpunguzi au Hombolo aje akuonyeshe kupogoa; kijana wa bustani akishika mkasi atakukatia mavuno. Kichanja, laki 5 na nusu.

Miti je? Mashimo yachimbwe sasa, kiangazi, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, yajazwe udongo wake uleule uliochanganywa na samadi. Udongo mweusi wa tripu tatu futa kabisa. Ule ni wa mbuga: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole, na mizizi inapasuka nao. Mkoa huu una ng'ombe kila upande; samadi iliyooza vizuri inapatikana kwa bei ya usafiri tu. Iwe imeoza kweli, nyeusi, haina harufu. Mbichi inaunguza miche na kukuletea magugu ya kijiji kizima. Miche yenyewe chukua midogo, ya futi mbili. Mikubwa wanayokuuzia kwa laki moja moja mizizi yake imejikunja kwenye mfuko, na mche mdogo ukipandwa vizuri mara nyingi unaupita baada ya miaka michache. Miarobaini miwili upande wa upepo, mbali na karo na ukuta. Mwembe mmoja. Bogenvilia kwenye ukuta wa mbele, hiyo ikishashika inakunywa kidogo kuliko mgeni. Michikichi ya mapambo waachie Dar. Kila mti uzungushie kisahani cha udongo, ule mfereji wa tenki uingie humo, juu tandaza majani makavu. Mchwa watakuja, ukague kila wiki, na majani yasiguse shina.

Na hapa ndipo tunapoiokoa laki 4 yako. Mwite yule kijana, mwambie kwa upole kwamba pakeji imekufa lakini kazi ipo: achimbe mashimo, alete samadi na miche, apande mvua ikishalowesha, kwa hiyohiyo laki 4. Mwandikiane, shahidi awe mjumbe. Hela ameshaila, na kumdai ni kesi. Kazi unaweza kuipata. Akikimbia simu, hiyo laki 4 ichukue kwenye zile 9 za pembeni, usitoe penye maji.

Nyasi nimekuachia, najua unazitaka. Skwea mita 40, mbele ya baraza, mahali Neema atalala na kitabu. Ukoka wa hapahapa, sio Pemba. Hizo ni lita 200 kwa siku, ndoo kumi, na sehemu yake itoke kwenye maji ya kusuuza nguo, yasiyo na jiki. Laki 2 na nusu. Halafu laki 7 zinabaki kikoba, usiziguse hadi Mei: laki moja kwa mwezi kwa miezi saba mikavu, maji na kijana wa kumwagilia. Laki moja ya mwisho ni mpira na koki ya nje. Jumlisha, pamoja na ile laki 4 ya kijana, uone kama nimekuibia.

Malipo ya mafundi wote ni kwa hatua: vifaa ununue mwenyewe au vishuke ukiona, ufundi theluthi ukianza, theluthi katikati, theluthi ukishamwaga maji na kuona yanaelekea wapi. Asubuhi wataomba hela ya kula. Wape chai, hela ya kula iandikwe kwenye daftari ikatwe.

Sendofu sasa. Tarehe 12 Desemba mvua zitakuwa ndiyo zinaanza, na wewe ulitaka nyasi mpya siku hiyo? Wageni 150, nusu yao viatu vya kisigino. Wangezipanda upya wao wenyewe. Ukianza wiki hii, gata na kusawazisha zinaisha Septemba, pevingi Oktoba, changarawe Novemba. Siku hiyo utakuwa na njia safi ya bibi harusi kuingilia, uwanja mkavu usio na tope, turubai juu. Taa za nakshi kodisha kwa usiku mmoja. Mvua ikinyesha mkiwa mnacheza, maji yatapita nyuma kwenda kwenye mashimo, na wewe utakuwa peke yako unayeyatazama. Miti ipande baada ya wageni kuondoka, nyasi Januari.

Mama mkwe wako usimcheke. Kondoa ndiko mvua ilikochimba makorongo hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa maeneo yaliyoharibika sana. Mtu wa huko akikwambia funga mpaka kwa mimea na uache udongo utulie, ameona kitu. Kwenye minyaa tu ndipo sikubaliani naye, kwa sababu ya Neema: utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mwambie utapanda nje ya ukuta, upande wa nyuma ambako watoto hawachezi, na umwombe yeye mwenyewe aje na vipande. Atakuja navyo kwenye basi, vimefungwa kwenye kanga, na siku hiyo mpikie ugali wa uwele na mlenda.